Kamaru mjukuu, mtunzi asiyeimba

Ukitarajia mdundo katika muziki wa KMRU, utasubiri sana. Hakuna ngoma wala kibwagizo. Kuna mvumo unaoanza chinichini na kupanda taratibu, na ukitega sikio unagundua umefumwa kwa sauti alizozirekodi nje, mtaani na porini.

Jina lake ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, 1997. Kwa Wakenya wa makamo, jina hilo ni la babu yake, yule Kamaru wa Murang'a aliyeimba kwa Kikuyu miongo kadhaa, na aliyemlilia J.M. Kariuki kwa wimbo baada ya mwanasiasa huyo kuuawa mwaka 1975. Mzee alifariki Oktoba 2018. Mjukuu ndiye anayezitoa upya rekodi zake, na kwa hilo peke yake anastahili shukrani.

Wapo watakaosema kijana ameiacha njia ya babu. Sikubaliani. Mzee alisikiliza yale watu waliyokuwa wakinong'ona, kisha akayasema hadharani. Mjukuu naye kazi yake ni kusikiliza, ila yeye hasemi.

Alisomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha sanaa ya sauti Berlin. Albamu yake Peel ilitolewa na Editions Mego ya Vienna mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa korona, na ndiyo iliyomtambulisha kwa wengi nje ya Kenya.

Lakini kazi yake ninayoithamini kuliko zote ni Temporary Stored ya 2022. Huko Tervuren, karibu na Brussels, kuna Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, yenye hazina kubwa ya nyimbo na ngoma zilizorekodiwa Kongo na kwingineko enzi za ukoloni. KMRU alizichukua sauti kutoka humo akazitungia kazi mpya. Tumezoea kudai vinyago na mafuvu ya wazee wetu yarudishwe. Sauti zao tunazisahau. Hao nao waliimba kwa ajili ya harusi, mavuno na msiba, si kwa ajili ya kabati la Ubelgiji. Inauma kwamba mjukuu wa mmoja wa waimbaji hao akitaka kumsikia babu yake abishe hodi Ulaya.

Katika Natur (2024) aligeukia miji yenyewe. Berlin ilimshtua kwa ukimya wa usiku wake, tofauti na Nairobi, akatumia maikrofoni zinazonasa mawimbi ya sumakuumeme: mlio wa nyaya na mitambo ambao masikio yetu hayaupati.

Anayetaka kumjua aanze na Peel, kisha aende Temporary Stored. Avae hedifoni, kwani spika ya simu huimeza mivumo ya chini, na huko chini ndiko mambo mengi yanakotendeka.