Rwamgasa: Elimu ya huduma ya dharura yatafuta mnunuzi

RWAMGASA, Geita. Mwenye duara hujua bei ya gramu ya dhahabu kabla hajanywa chai. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, dalali hambabaishi kirahisi. Magogo ya kuegemeza kuta, mafuta ya jenereta na zamu ya karasha vyote vimo daftarini mwake. Kisichomo ni gharama ya mtu wa kumhudumia mchimbaji dakika za kwanza anapotolewa kwenye kifusi.

Kazi hiyo inasomewa. Afrika Kusini ipo shahada ya huduma ya dharura ya miaka 4, na Uingereza tangu Septemba 2021 ngazi inayotakiwa kwa kozi za wahudumu hao, maarufu kama paramediki, ni shahada.

Kwa kijana wa Rwamgasa njia iliyozoeleka huanzia kwingine. Akifaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha nne, anaweza kusomea stashahada ya utabibu kwa miaka 3, kisha akapanda hadi shahada. Aliyemaliza kidato cha sita na alama nzuri anaweza kwenda moja kwa moja kwenye udaktari au uuguzi. Chuo kikuu cha jirani kipo Bugando, Mwanza. Ubingwa wa tiba ya dharura husomewa baadaye Muhimbili.

Kwa mzazi mwenye mtaji mdogo, stashahada ina nafuu: kijana huanza kupokea mshahara mapema, naye hujilipia shahada. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo imekopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wa afya wakiwemo.

Ugumu upo kwenye ajira. Serikali huajiri kwa nafasi zinazotangazwa, na mgodi mkubwa una wataalamu wake. Wachimbaji wadogo, ambao ndio wenye hatari kubwa, hawajazoea kumlipa mtu anayekaa akisubiri ajali. Kwa hesabu ya siku moja anaonekana hasara tupu.

Lakini Oktoba 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji 6 walifukiwa. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Watu walioishi muda huo bila chakula cha kawaida hawalishwi ovyo wala kupakiwa garini kama mizigo; hapo mwenye elimu ndiye anayehitajika.

Usafiri angalau umepata mfano. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, hutumia madereva wa magari ya kawaida kuwawahisha wajawazito na watoto wachanga hospitali kwa kupiga 115. Dereva, hata hivyo, hafungi jeraha.

Duara moja haliwezi kubeba mshahara wa tabibu. Maduara 10 yanayochangia walinzi na karasha yanaweza, na kikao cha kukubaliana hilo ndicho kitakachompa mzazi uhakika wa kulipa ada.