Bolti ya kupakwa upya, uliza kama imeokwa

BOLTI ya tela ikikatika mlimani, mkulima wa Nyantakara hupoteza mzigo, pengine na mguu. Kosa huweza kuanzia kiwandani, bolti zenye mpako mbovu wa zinki na nikeli zinapovuliwa mpako huo ili zipakwe upya.

Nikeli, madini yaliyolala Kabanga wilayani Ngara, huwa asilimia 12 hadi 15 ya mpako. Asidi ya hidrokloriki huyeyusha zinki upesi. Nikeli hubaki kama masizi meusi. Yasiposafishwa, mpako mpya hubanduka.

Hatari kubwa haionekani. Ndani ya asidi chuma kigumu hunyonya hidrojeni, kisha hukatika ghafla. Dawa yake ni kuokwa saa kadhaa kwa nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi, mara tu baada ya kupakwa. Kwa macho, iliyookwa na isiyookwa hazitofautiani.