Mama, Daftari la Duka Lako Liko Wapi?

Asubuhi moja wakati wa mavuno ya mpunga, mama mmoja wa hapa Chita alikuja kwetu zahanati akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na usingizi hauji. Tulimpima tukakuta shinikizo la damu liko juu sana. Tulipomwuliza kulikoni nyumbani, machozi yakamtoka.

Mumewe alifariki mwaka uliotangulia, akamwachia watoto wanne na duka dogo la sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula. Karatasi zote za duka zilikuwa na jina la marehemu. Maofisa walipopita kukagua, walimwomba leseni, namba ya mlipakodi na kumbukumbu za mauzo. Hakuwa na hata kimoja. Akakadiriwa kodi ambayo hakuielewa, wala hakujua kwamba anaweza kuuliza. Aliuza magunia ya mpunga aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya bweni la mtoto wake, akalipa. Duka likabaki tupu.

Tulimpa vidonge vya presha. Lakini dawa ya ugonjwa wake hasa haikuwemo katika kabati letu. Ndipo sisi akina mama tunaokutana baada ya ibada tulipoamua kujifunza mambo haya, maana karibu kila mmoja wetu ana kibanda, genge, cherehani au sufuria ya maandazi. Haya tuliyojifunza tunapenda kuwashirikisha akina mama wenzetu.

Je, mwenye biashara ndogo hudaiwa kodi?

Wengi wetu hudhani kodi ni ya matajiri wa mjini. Wengine huogopa hata kusikia neno TRA. Mamlaka hiyo ya Mapato ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, na sheria inamtaka kila anayeanza biashara ajiandikishe kwake ndani ya siku 15. Hapo hupewa namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN. Namba hiyo hutolewa bure. Ukidaiwa fedha ili uipate, ujue umekutana na mlaghai. Nenda na kitambulisho chako cha Taifa. Sisi wa Chita ofisi tunayoitegemea ni ya Ifakara, kwa hiyo ni vema kupanga safari ya pamoja na kumaliza mambo kwa siku moja.

Sasa tuje kwenye kiasi chenyewe. Kwa mfanyabiashara mdogo, kodi ya mapato hutazama mauzo ya mwaka mzima, si faida. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka halipi kodi hiyo. Anayezidi hapo lakini hazidi 7,000,000 ana njia mbili. Asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni nne.

Tuchukue mfano. Mama A anauza maandazi na chai siku 300 kwa mwaka, maana Jumapili anapumzika. Kwa siku anauza shilingi 12,000. Mwaka mzima ni 3,600,000. Huyu hadaiwi kodi ya mapato, lakini atathibitishaje bila daftari? Mama B anauza shilingi 17,000 kwa siku. Mwaka mzima ni 5,100,000. Akiwa na daftari, atalipa asilimia 3 ya 1,100,000, yaani shilingi 33,000. Asipokuwa nalo, atalipa 100,000. Shilingi 67,000 zimepotea kwa sababu ya daftari ambalo bei yake haifiki hata bei ya kilo ya sukari!

Kodi hii si lazima ilipwe kwa mkupuo. Hugawanywa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tena kila mwaka mwezi Julai Sheria mpya ya Fedha huanza kutumika, na viwango huweza kubadilika. Basi kila Julai uliza upya.

Namna ya kutunza daftari

Usiogope. Kama unaweza kuandika majina ya watoto wako, unaweza kutunza daftari. Chora mistari upate safu nne: tarehe, uliyouza, uliyonunua, na matumizi mengine kama nauli na pango. Andika kila jioni kabla ya kulala, kama vile sisi wauguzi tunavyojaza chati ya mgonjwa kabla ya kukabidhi zamu. Muuguzi asiyejaza chati anamwacha mwenzake gizani. Risiti za jumla zitie kwenye bahasha moja ya kila mwezi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, kwa hiyo usiwashie moto daftari la mwaka jana. Biashara inapokua hufika wakati wa kutumia mashine ya risiti ya EFD. Uliza mapema.

Leseni, pango na ushuru

TIN peke yake si ruhusa ya kufanya biashara. Leseni ni jambo jingine, nayo hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Kwa biashara za kawaida kama zetu, mahali pa kuulizia ni halmashauri, na kwetu Chita ni Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba.

Kama umepanga chumba cha duka, jihadhari na kodi ya zuio ya pango, asilimia 10. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji huikata katika pango na kuipeleka TRA, kisha humpa mwenye nyumba kiasi kilichobaki. Wengi wetu tumelipa pango lote, halafu tukaja kulipa tena asilimia 10 mfukoni mwetu. Zungumzeni jambo hili kabla ya kutia sahihi mkataba.

Kwa wanaouza mpunga na mchele, mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao ukawa asilimia 2 kwa mazao ya chakula na asilimia 3 kwa ya biashara. Ilielezwa pia kwamba anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi.

Na wenye kupika chakula cha kuuza, afya ni sehemu ya sheria. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawataka wahudumu wa chakula wapimwe. Msitukimbie mnapotuona na makoti meupe! Homa ya matumbo haichagui mteja, na mmoja wa wateja wako ni mtoto wako mwenyewe.

Ukionewa au ukishindwa kuelewa

Yule mama mjane angeweza kusaidika. Asiyeridhika na makadirio ya TRA anayo nafasi ya kuweka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30. Ukipewa karatasi, tazama tarehe na uanze kuhesabu. Usimkabidhi mtu fedha mkononi. Malipo ya Serikali yana namba yake ya malipo, nayo hulipwa benki au kwa simu, na risiti hutolewa. Anayesema "nipe kidogo tuyamalize" anakuibia wewe na kuliibia taifa. Na ukifunga biashara, toa taarifa TRA, la sivyo makadirio yataendelea kukufuata.

Zungumza na mume wako

Hili ndilo linalotugusa zaidi. Wapo akina mama wanaouza dukani miaka kumi bila kujua karatasi ziko sanduku gani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa anaweza kumiliki mali yake mwenyewe. Kama biashara ni yako, iwe na TIN yako na leseni yenye jina lako. Kama ni ya mume, muombe kwa upole akuonyeshe karatasi na madeni yake. Huko si kumwombea kifo. Ni kulinda watoto wake. Na Mungu akimwita, msichelewe kwenda mahakamani kupata msimamizi wa mirathi, kwa maana huyo ndiye atakayemaliza hesabu za marehemu.

Bwana wetu alipoulizwa habari za kodi hakukasirika. Aliomba aonyeshwe sarafu. Nasi tusiikimbie haki ya Serikali, wala tusiache haki yetu. Fedha hizo nyingine hurudi: tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo kwa vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenye hesabu safi ndicho chenye cha kuonyesha kinapoomba.

Yule mama sasa ana TIN yake. Presha imeshuka, na duka amelianza tena kwa boksi moja la sabuni na mfuko wa chumvi. Kila anapokuja kupimwa, hufika na daftari lake ndani ya kanga, akatuonyesha ukurasa wa jana. Na wewe mama, la kwako liko wapi?