Injini Ipi Itiwe? Gari la Marehemu na Haki ya Yatima



Miezi michache iliyopita tuliitwa Thika na familia moja yenye asili ya Mombasa, iliyohamia bara kwa ajili ya kazi. Baba wa nyumba alikuwa amefariki, akaacha mjane, vijana wawili wa kiume na binti wa miaka 13. Aliacha pia akiba ya wastani na, chini ya turubai uani, si mbali na mto Chania, gari la kale la Kiingereza: MGB GT ya kijani, ambayo injini yake haikuwaka kwa miaka 9. Tulidhani tumeitwa kugawa mirathi. Tulipoketi tukakuta ndugu wawili hawasemezani, na sababu ni moja: gari lile litiwe injini gani?

Pengine msomaji ataona kwamba hayo ni mambo ya karakana, hayamhusu sheikh wala mama wa nyumbani. Nasi tulidhani hivyo kwa muda wa nusu saa.

MGB ilitengenezwa mjini Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na idadi yake ilipita laki tano. Tangu 1968 kampuni ya MG ilikuwa chini ya British Leyland, pamoja na Land Rover. Ni kampuni hiyo hiyo iliyoshiriki, katika miaka ya 1970, kuasisi pale Thika kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Kwa hiyo wazee wengi wa mji ule wanayajua magari ya Kiingereza kwa mikono yao, na marehemu alilipenda lake kama mtu apendavyo kumbukumbu ya ujana.

Kijana mkubwa alitaka injini ya Rover ya V8, lita 3.5, iliyotolewa katika Range Rover iliyopondeka. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwani kiwanda chenyewe kiliuza MGB GT yenye injini hiyo kati ya 1973 na 1976, magari 2,591 tu. Injini ile ni ya aluminiamu, hivyo uzito wake hauzidi sana ule wa injini ya asili, ambayo ni ya chuma na ina silinda 4.

Kijana mdogo alitaka Toyota. Alisema kwamba injini ya Probox ya lita 1.5, gari tunaloliona kila siku likibeba mboga na abiria, ina nguvu za farasi zipatazo 109, ilhali injini ya MGB ya lita 1.8 ilitoka kiwandani na takriban 95. Vipuri vyake vinapatikana kila duka, na petroli haitumii nyingi.

Mama alisema machache: “Sheikh wangu, mimi nataka lilie kama lilivyokuwa likilia alipokuwa akirudi kazini.”

Kwa kuwa elimu hiyo si yetu, tuliomba aitwe mwenye nayo. Akaja fundi mmoja wa Ruiru, mzee aliyezeekea katika kazi hiyo, akatueleza kwa utulivu. Injini ya Probox, alisema, hulazwa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele. MGB huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Haiwezi kuhamishwa hivi hivi. Itabidi itafutwe injini ya gari linaloendeshwa kwa nyuma, kama ile ya lita 2 ya Toyota Altezza, ije pamoja na giaboksi, waya na kompyuta yake. Hapo tena bakuli la oili chini ya injini huenda likagongana na boriti ya mbele ya gari, na maunti na propela shafti zitengenezwe upya.

Ama V8, fundi alitukumbusha kwamba kiwanda hakikuitia tu kikanyamaza. Kiliisogeza radieta mbele, kikaweka diski za breki nene zaidi, na kikabadili uwiano wa gia za ekseli ya nyuma. Mwenye kuongeza nguvu bila kuongeza breki ameandaa ajali. Bei ya kununulia injini ni mwanzo wa gharama, wala si mwisho wake.

Kisha akaifungua injini ya zamani. Bloki ilikuwa nzima. Silinda zilihitaji kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo, na beringi zibadilishwe. Viti vya vali navyo viwekwe vya chuma kigumu, kwa sababu injini zile ziliundwa kwa petroli yenye madini ya risasi, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Vipuri vya MGB vingali vikitengenezwa Uingereza hadi leo. Alituambia jambo jingine litakalowafaa wasomaji wetu wa pwani: kabureta iliyorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, ikipandishwa Thika, kiasi cha mita 1,500 juu, huipa injini petroli nyingi kuliko hewa, ikatoa moshi na kupoteza nguvu. Wengi huilaumu injini, na kosa liko katika kabureta.

Baada ya hayo tukauliza maswali yetu mawili. La kwanza: karatasi za ile V8 ziko wapi? Muuzaji hakuwa nazo, na nambari iliyochongwa juu yake ilikuwa imekwaruzwa. Nambari ya injini huandikwa katika logbuku, na mwenye kubadili injini hana budi kuiarifu mamlaka ya usafiri, gari likaguliwe, naye aonyeshe injini ilikotoka. Nasi twaongeza: bidhaa inayoshukiwa kuwa ya wizi haiwi halali kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Swali la pili: fedha ni za nani? Hapo pakawa kimya. Vijana wote wawili walikuwa wamekusudia kutumia akiba ya marehemu, ambayo ilikuwa bado haijagawanywa.

Tukachukua kalamu. Madeni yalikuwa yamelipwa, wasia haukuwapo, na wazazi wa marehemu walikwisha tangulia mbele ya haki. Mjane ana thumuni, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya binti. Mali ikifanywa mafungu 40, mama ana 5, kila kijana ana 14, na binti ana 7. Kila spana itakayofungwa kwa akiba ile, kiasi chake kinatoka katika mafungu yale 7 ya mtoto aliyekuwa ameketi mlangoni akitusikiliza. Mwenyezi Mungu ameikemea vikali, katika Suratun-Nisaa, kula mali ya yatima kwa dhuluma. Wala haisemwi kwamba dhuluma ni ya mgeni tu. Kaka anayempenda dadake aweza kumdhulumu huku akicheka naye.

Tulishauri gari lithaminiwe lilivyo, na watu wawili wasio na maslahi. Kisha mwenye kulitaka awanunue wenziwe mafungu yao, na fedha za binti ziwekwe amana kwa ajili ya masomo yake. Kijana mkubwa alikubali, akalipa kwa awamu tatu, kila awamu ikiandikwa na kushuhudiwa.

Ajabu ni kwamba siku gari lilipokuwa lake peke yake, na gharama zikawa za mfuko wake, V8 haikutajwa tena. Alichagua kuitengeneza injini ya zamani. Tulipomuuliza, alisema: “Sheikh, nilipiga hesabu ya breki.” Mdogo wake ndiye anayemsaidia kila Jumapili.

Mama na dada zetu, nyumba nyingi zina gari, mashua au pikipiki ya marehemu iliyofunikwa uani, na kijana mwenye hamu ya kuifufua. Msimkataze, kwani kazi ya mikono ni kheri. Lakini kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa ulizeni: mali hii imekwisha gawanywa? Injini mpya ina karatasi? Breki zitaibeba nguvu yake? Na likiuzwa kesho, mnunuzi ataambiwa kilichobadilishwa? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta rutuba chini yake, akamlaumu muuzaji kwa kuificha. Boneti ya gari nayo yaweza kuficha mengi.

Tulipita Thika tena mwezi uliopita. Injini ilikuwa bado juu ya meza, pistoni zimewasili, na mama aliuliza litawaka lini. Binti amelipiwa karo ya muhula.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awahifadhi mayatima wetu, na atujaalie tuwe waaminifu katika amana. Wabillahi tawfiq.