Kijivu cha bahari kilivyonifunza kusahihisha

Wapo watakaocheka nikisema kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha historia, kosa linaloniuma zaidi lilihusu rangi ya ndege ya plastiki. Na wacheke.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alikuwa ameuunganisha kwa gundi kwa kipimo cha 1/72, kisha mgongoni akaupaka kijani na kijivu. Kitabu changu kilionyesha kijani na rangi ya udongo. Nilimpunguzia alama tano mbele ya wenzake, nikamwonya asijibunie historia.

Siku ya pili alikuja na karatasi ya maelekezo iliyotoka ndani ya kisanduku cha mfano ule. Nikalazimika kwenda maktaba, na huko nikaumbuka. Ni kweli kwamba mwaka 1940 Spitfire zilipakwa kijani na rangi ya udongo, zifanane na mashamba ya Uingereza zinapotazamwa kutoka juu. Lakini mapigano yalipohamia juu ya bahari na Ufaransa, iliamriwa mnamo Agosti 1941 kwamba rangi ya udongo iondolewe na mahali pake pachukuliwe na Ocean Grey, yaani kijivu cha bahari. Rangi hiyo ilipokuwa haba, mafundi waliruhusiwa kukoroga yao: sehemu saba za kijivu kilichopauka zaidi kwa sehemu moja ya nyeusi. Nani basi atakayeapa kwamba kila pipa lilitoka sawa na jingine?

Sisi wa pwani tutauliza, bahari ya kijivu iko wapi? Ukisimama Mombasa huioni. Aliyeipa rangi hiyo jina alikuwa akitazama maji ya kwao. Nasi tusijione bora, kwani tunasema "damu ya mzee" na hatujaulizana ni mzee yupi. Ndiyo maana Wamarekani mwaka 1956 waliacha majina wakatumia tarakimu tano. Katika 36375, tarakimu ya 3 yasema rangi haing'ai, na 6 kwamba ni ya jamii ya kijivu.

Hata tarakimu hazimalizi ubishi. Rangi mbili zilizolingana chini ya taa ya dukani huweza kuachana juani. Ndege kubwa iliyo mbali hupaushwa na hewa iliyo kati yake na jicho, kwa hiyo mafundi wengi wa mifano hutia matone ya nyeupe ili kile kidude cha mkononi kisionekane cheusi mno. Na picha za wakati ule? Nyingi ni za nyeusi na nyeupe, ambamo udongo na kijivu hukaribiana kama mapacha. Tena zilikuwapo filamu zisizohisi wekundu, zikaugeuza karibu kuwa mweusi.

Nilimrudishia kijana alama zake tano, mbele ya darasa lile lile. Aliniomba aone kitabu changu. Akakifungua, akaweka kidole chini ya picha, palipoandikwa kwa herufi ndogo mwaka ambao mimi sikuusoma: 1940.