Kioo Kikiwa Cheusi Baada ya Sasisho, Usikimbilie Kufuta Diski

Mpelekee fundi wa Ipagala jijini Dodoma, tuseme pale Ilazo, kompyuta mpakato iliyojisasisha jana na leo inawaka lakini kioo ni cheusi. Jibu la haraka unaloweza kulipata ni kwamba ipigwe Windows upya. Diski inafutwa, mfumo unawekwa kuanzia mwanzo, na mwenye mali anarudishiwa mashine safi isiyo na tasnifu yake wala hesabu za kikoba chao. Dodoma ina wanafunzi wa chuo kikuu kilichoanzishwa 2007 na watumishi waliohama na Serikali kuanzia 2016; faili zinazopotea namna hiyo ni kazi za watu. Ninachodai ni kwamba kioo cheusi baada ya sasisho kwa kawaida ni hitilafu ya sehemu moja nyembamba, inayoweza kufikiwa bila kugusa waraka hata mmoja, na kwamba anayefuta diski kabla ya kupima anatibu asichokijua.

Kompyuta huamka kwa utaratibu. Programu ndogo iliyo kwenye mazabodi hukagua vifaa na kuonyesha nembo ya mtengenezaji. Kisha inaitwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayoshika kumbukumbu, diski na kibodi. Kerneli hupakia draiva, zile programu zinazozungumza na kila kifaa, na mwishoni kabisa ndipo unapokuja ukurasa wa kuandika nywila. Kwa kuwa picha huja mwisho, kukosekana kwake hakutoshi kuhukumu vilivyotangulia. Bonyeza Caps Lock: kitaa chake kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kuna uwezekano mkubwa kwamba mfumo uko hai na unakusikia, ila hauna mdomo wa kujibu. Mulika kioo kwa tochi ya simu, kwa mshazari. Ukiona madirisha kwa mbali, picha ipo. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo, na hapo ukipiga Windows hata mara kumi hutapata kitu. Nembo ya mtengenezaji nayo ikionekana vizuri halafu giza likaingia, kioo na waya wake viondoe kwenye orodha ya washukiwa.

Mshukiwa anayebaki mara nyingi ni draiva ya picha. Kerneli na draiva hiyo lazima zielewane, na si lazima zitoke kwa mtengenezaji mmoja. NVIDIA, kwa mfano, iliacha kuhudumia draiva yake ya Linux ya kizazi cha 390 mwishoni mwa 2022. Kerneli zimeendelea kusonga, kadi za zamani zimebaki na draiva ileile, na sisi tunaonunua kompyuta za mtumba ndio tunaozikuta kadi hizo. Kuna pia masasisho yanayokatikia njiani kwa sababu umeme umezima, nusu ya faili ikiwa mpya na nusu ya zamani. Wakati mwingine kosa ni la watengenezaji wenyewe: Agosti 2006 sasisho moja la Ubuntu 6.06, mfumo wa jamii ya Linux, liliharibu sehemu inayochora picha, watu wakaamkia maandishi matupu. Dawa ilikuwa kusasisha tena kifurushi kilekile kwa kuandika amri, kisha mambo yakaendelea.

Kwenye Ubuntu, Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja hufungua ukurasa wa maandishi. Ukifunguka, ingia kwa jina na nywila yako, uandike df -h uone kama diski imejaa, maana diski iliyojaa peke yake inatosha kukurudisha kwenye nywila kila ukiingia. Sasisho lililokatika humaliziwa kwa sudo dpkg --configure -a. Au washa upya, shikilia Shift au gusa Esc, uchague kerneli ya zamani. Mfumo huiacha pale makusudi, kwa siku kama hii. Kwenye Windows, anza na kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, vinavyoiamsha upya draiva ya picha. Ikishindikana, katiza uwashaji mara tatu mfululizo hadi ukurasa wa matengenezo utokee, uingie hali salama, ambayo hutumia draiva ya msingi, kisha urudishe draiva iliyopita au uondoe sasisho la mwisho.

Fundi atasema hana muda wa yote hayo, mteja amesimama mlangoni. Hoja ina uzito, lakini kuondoa sasisho moja hakupaswi kuchukua muda mrefu kuliko kuweka mfumo mzima, draiva zake na Office juu yake. Na baada ya kufuta, mfumo ukijisasisha unaweza kuileta draiva ileile mbaya na mteja akarudi. Hata hitilafu kubwa huweza kutibiwa bila kufuta diski: Julai 19, 2024, faili moja ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, na si ya mfumo wenyewe, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Tiba kwa nyingi ilikuwa kuingia hali salama na kuifuta faili hiyo. Wapo pia wanaosema tuzime masasisho kabisa, bando lenyewe halitoshi. Hao wakumbuke WannaCry: Microsoft ilitoa kinga Machi 2017, shambulio likaja Mei 12, na waliokuwa hawajasasisha ndio waliofungiwa faili zao. Kuchelewesha sasisho siku chache mpaka wengine walijaribu ni busara. Kulizima moja kwa moja ni kuacha mlango wazi.

Kufuta diski kuna wakati wake, kwa mfano faili za mfumo zinapokuwa zimeharibika kupita kurekebishwa. Hata hapo, fundi awashe kwanza kwa flashi yenye Ubuntu, inayofanya kazi bila kusakinishwa, anakili nyaraka kwenye diski ya nje na azifungue mbili tatu mbele ya mwenyewe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, mwenye kompyuta atafute ufunguo wake wa tarakimu 48, aghalabu kwenye akaunti yake ya Microsoft, kabla fundi hajagusa chochote.