Kufundisha Usomaji wa Picha za Meno kwa Majadiliano

Kusoma picha ya eksirei ya meno si sawa na kuitazama tu. Mwalimu anapoiweka picha mbele ya taa na kusema, "Hapa pana ugonjwa," wanafunzi wote huitikia; lakini aghalabu walichojifunza ni kumwamini mwalimu. Mwanafunzi huyo akishahitimu huenda akapangiwa kazi Mtwara, mbali na Muhimbili, ambako shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa mwaka 1979. Huko yawezekana ataisoma picha peke yake.

Tuchukue mfano mmoja. Katika taya la chini, karibu na ncha za mizizi ya magego madogo, pana tundu la asili lipitishalo neva na mishipa ya damu iendayo kidevuni. Katika picha tundu hilo huonekana kama doa jeusi, na likiangukia penye ncha ya mzizi hufanana na jipu. Asiyelitambua aweza kung'oa jino lisilo na ugonjwa.

Somo hili lifuate hatua nne. Kwanza, kila mwanafunzi aandike jibu lake na sababu zake kabla ya yeyote kusema neno. Pili, wawili wawili walinganishe majibu, kila mmoja akionyesha ushahidi ulio katika picha yenyewe: je, mstari mweupe uzungukao mzizi ni mzima au umekatika? Tatu, mwalimu atoe picha ya pili ya jino lilelile, iliyopigwa kwa kusogeza mtambo upande. Doa la tundu huhama na kuuacha mzizi. Doa la jipu hubaki limeshikamana na ncha. Nne, wanafunzi waeleze sababu ya kuhama huko. Mtu asimamaye karibu na mlango wa mto Ruvuma aweza kuona mtumbwi kana kwamba umegusa mikoko ya ng'ambo. Akitembea kando kidogo, huona kwamba viko mbalimbali.

Picha zitoke katika akiba ya chuo, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa. Mgonjwa asipigwe mionzi kwa ajili ya somo. Aidha, wanafunzi wakumbushwe kulipima jino kwa baridi, kwani jino lililo hai kwa kawaida huhisi.

Mwalimu astahimili kunyamaza mpaka hatua ya nne. Jibu lake litasahauliwa. Sababu walizozitafuta wenyewe ndizo zitakazowaongoza kabla ya kushika koleo.